Zoezi la Nambis Halijafungwa

Jumatatu, 4 Novemba
Chai bila sukari tena, duka la jirani limefungwa. Nimekagua filimbi, machela, tepe. Keshokutwa ni kijijini Nambis: zoezi la maporomoko ya udongo, mbele ya wakaguzi wawili wa Chama chetu cha waratibu wa maafa. Nikifaulu, napata uanachama kamili. Bila huo nabaki kuitwa mshiriki na kukalishwa nyuma mikutanoni. Najua ni majivuno. Nautaka hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Novemba
Limekwenda vizuri mno. Wanakijiji walijilaza shambani, nami nikawafunga tepe mkononi: kijani kwa waliochubuka, nyekundu kwa mahututi. Nyeusi, ya aliyekufa, kila mtu aliikataa. Isipokuwa Bibi Paskalina, mjane anayeishi peke yake. Alinyoosha mkono akicheka. "Nifunge mimi, mwanangu. Nimechoka kulima."
Tulipokuwa tunambeba, mvua ikashuka kwa hasira. Kila mtu mbio. Wakaguzi waliingia garini, nami nyuma yao. Wamesema nimefaulu. Nina furaha hadi naona aibu.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimerudi Nambis kuchukua machela. Njiani nikakutana na Bibi Paskalina, utepe mweusi bado mkononi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Macho yake yalipita juu ya bega langu. Wanawake wawili wakaja, wakampita bila kumtazama. Huku, ambako mtoto akisahau shikamoo anarudishwa aitoe! Nao walikuwa na tepe zao za kijani.
Sikupenda.

Jumapili, 10 Novemba
Mzee Tluway, mwenyekiti wa kitongoji, amenipitia baada ya ibada. Utepe wa kijani chini ya mkono wa koti. Anasema hakuna anayemsalimia bibi. Jirani amechukua ng'ombe wake, kama ifanywavyo nyumba ikibaki bila mtu. Bibi mwenyewe hawashi moto wala hali chochote tangu Jumatano. Nikauliza mbona hawamwambii lilikuwa zoezi tu.
"Wewe ndiye uliyesema amekufa, mama. Hujasema ameamka. Sisi tuseme nini?"
Kanuni ya kwanza ya kazi yetu: zoezi hufungwa kwa sauti, mbele ya wote, na kila aliyelala huinuliwa kwa jina lake. Mvua ilitukimbiza, sikufunga. Kijiji kizima bado kimo ndani ya zoezi langu, na bibi atakufa kweli humo. Naogopa.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimempigia mkaguzi mkuu. Akacheka. Ripoti inasema zoezi lilifungwa. Nikienda kulifunga sasa, nimejifelisha mwenyewe. Ati nipeleke unga tu, nikate utepe kimya kimya. Nilikasirika. Unga utamsaidia nini mtu ambaye watu wanampita njiani? Nimemwambia aandike ripoti upya.

Jumanne, 12 Novemba
Ukungu mzito. Nikapuliza filimbi pale shambani. Wakatokea ndani ya ukungu mmoja mmoja, bila neno, wote na tepe zao, kila mtu akalala palepale alipolala siku ile. Bibi alikuja wa mwisho, akishikilia uzio wa miba kana kwamba haumchomi.
Nikawainua kwa majina. Nilipomfikia yeye, mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikakata utepe, nikapiga magoti kwenye tope.
"Shikamoo, bibi."
Kimya. Hata ng'ombe sikuwasikia. Nilianza kulia.
"Marahaba, mwanangu."
Hapo kijiji kizima kikamsalimia kwa pamoja, na mtu akakimbilia uji.

Alhamisi, 14 Novemba
Chama kimejibu: nabaki mshiriki. Sawa. Bibi amerudishiwa ng'ombe wake. Duka limefunguliwa, nimepata sukari.
Asubuhi binti wa duka amenipa shikamoo kutoka nje ya dirisha langu. Nimeitikia upesi, kwa sauti kubwa, kabla hajapita.