Ng'ombe Asiye na Mkia

Misugusugu, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Marita,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi, wala si umeinama shambani, maana nakujua. Magoti yako yanaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe, amezaa salama? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho yangu, ambayo siku hizi yananitaka niishike karatasi mbali kana kwamba nina ugomvi nayo. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Uniwie radhi pia kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Tukizungumza kwa simu wewe hupaza sauti, nami hupaza sauti, na mwishowe huwa tumeulizana habari za mvua tu kisha tukaagana. Neno nililo nalo linahitaji utulivu. Roza ameniambia kwamba umekwisha kutandika kitanda kidogo chumbani mwako huko Sikonge, ukimngojea mjukuu wetu Tunu. Nakushukuru kutoka moyoni. Lakini nakusihi unisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua kwamba tangu Roza apate kazi katika bandari kavu ya Kwala, na mumewe akiwa safarini na malori wakati wote, mimi ndimi ninayeshinda na mtoto. Asubuhi mama yake humwogesha, hunikabidhi, huondoka. Nampikia uji, nampakata, namwimbia nyimbo zetu za kanisani hadi alale. Naye sasa huimba. Maneno hana bado, ila kutwa nzima huvuma kama nyuki, mmm, mmm, awe anatambaa, awe ameketi. Tangu wifi yako atutoke sikutazamia kwamba ningepewa tena sauti ndani ya nyumba.

Mwezi uliopita nilimnunulia kigari cha plastiki pale Maili Moja, chekundu, cha kupendeza. Alikifurahia sana. Haikupita muda gurudumu likachomoka, nami wakati huo nilikuwa nimegeukia sufuria ya uji. Sitaki kukusimulia kwa urefu. Nilimlaza kifudifudi pajani, nikampiga mgongoni katikati ya mabega, na gurudumu likatoka likabingirika sakafuni. Alipolia nilimshukuru Mungu kwa sauti, hata jirani akaja kuchungulia. Jioni nilimweleza Roza yote, kwa sababu mama wa mtoto hafichwi jambo kama hilo.

Hakunigombeza, Marita. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikusanya midoli yote, akaitia katika mfuko wa salfeti, akaufunga kwa kamba. Kisha akasema, "Baba, siwezi kuwa Kwala na moyo wangu umebaki huku. Acha nimpeleke kwa shangazi mpaka akue kidogo."

Nikamjibu, "Ni haki yako, mwanangu." Nikatoka kwenda kuketi nyuma ya nyumba, nikijifanya naangalia kuku. Aliposhusha sanduku dogo la nguo za mtoto kutoka juu ya kabati, nilimsikia.

Hata hivyo niliona kwamba mtoto asiye na chochote cha kuchezea atajitafutia mwenyewe, na atakachojitafutia kitakuwa kibaya zaidi. Basi nikaazimia kwamba, akae kwangu ama aje kwako, atakuwa na kitu kimoja kizuri mkononi. Muuguzi wa kliniki alikuwa amempa Roza kipimo, nacho ni kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi za chooni zikiisha (unisamehe kukitaja katika barua). Kitu chochote kinachopenya mle, mtoto mdogo asipewe. Nikakitia kibomba hicho katika mfuko wa koti langu, nikarudi Maili Moja.

Nilipita maduka yote ya barabarani. Macho ya midoli yalikuwa yananyofoka kwa kucha. Rangi ilibaki kwenye kidole gumba changu. Vingine vilinuka kama mafuta ya taa. Mwenye duka la mwisho, kijana mcheshi, alinitazama nikipima magurudumu, akashindwa kuvumilia.

"Babu, shikamoo. Hicho si cha chooni hicho?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kipimo."

"Kipimo! Haya, na vikipita vyote?"

"Basi sitanunua."

"Utarudi mikono mitupu, babu yangu. Vya watoto vyote ndo hivihivi, hata mimi naletewa tu, sijui vimetengenezwa wapi."

Alisema kweli, nami sikumlaumu. Fundi wa vitanda anayefanya kazi kando ya barabara hapa Misugusugu ndiye aliyenielekeza kwa mchongaji wa Kisarawe, Mzee Kondo. Nikaenda.

Nilimkuta barazani kwake, patasi mkononi, vibanzi vya mti vimemzunguka, na mkewe, Mama Tatu, anachambua mchicha. Walinikaribisha vizuri sana, wakanipa kiti na maji. Mzee Kondo akaniuliza ninakotoka. Nikasema, kwa sasa ni Kibaha, ila nyumbani ni Sikonge, Tabora.

Akaiweka patasi chini. "Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Mama Tatu! Acha mchicha huo uje utazame! Wapagazi wenzake walipita zamani za babu zetu na mizigo kichwani, huyu ndiyo kwanza anafika!"

Hapo nikakumbuka vile baba alivyokuwa akituambia kwamba Wazaramo ni watani wetu, na kwamba kwa mtani ukinyamaza umeshindwa. Nilitafakari kidogo, maana unajua mimi si mwepesi wa maneno, kisha nikasema, "Nilichelewa, bwana, kwa kuwa Wazaramo walikuwa wanacheza ngoma katikati ya njia, nami nilifundishwa kusubiri watu wamalize."

Mama Tatu alicheka hadi akaushika ukuta. Tangu hapo nikawa mwenyeji.

Sasa nakuomba usicheke kwa sauti utakapofika hapa, kama kuna watu karibu. Juu ya ubao, nyuma ya Mzee Kondo, niliona kitu kilekile nilichokuwa nakitafuta. Kilikuwa kama kidoli cha mti, kifupi, kinene kiasi cha kushikika, hakina mikono, hakina miguu, kichwani kina vishungi viwili vya nywele, na mwili wote laini kabisa. Hakuna cha kuchomoka wala cha kuchoma. Nikasimama, nikakichukua, nikatoa kibomba changu, nikajaribu. Hakikupita! Nikasema kwa furaha, "Ndugu yangu, safari imekwisha. Naomba nimpelekee mjukuu wangu huyu."

Mama Tatu akajifuta mikono kwa khanga yake.

"Mjukuu wako kavunja ungo?" akaniuliza polepole.

"La, mama. Ndiyo kwanza anajifunza kusimama."

"Basi mrudishe mwenyewe hapo ulipomtoa. Taratibu."

Ndipo wakanieleza. Kile si cha kuchezea. Kinaitwa mwanahiti, nacho hupewa msichana aliyevunja ungo anapowekwa ndani kufundwa. Humwogesha, humpaka mafuta, humtunza kama mtoto wake, hadi siku ya kutolewa nje. Huyo wa ubaoni alikuwa na mwali wake anayemngojea. Nami nilikuwa nimempima kwa kibomba cha chooni mbele ya wenyewe! Nilivua kofia, nikaomba radhi kama tulivyokuwa tukisimama mbele ya mwalimu, mikono nyuma.

Mzee Kondo akasema, "Angekuwa mtu mwingine, tungezungumza lugha nyingine. Mtani hutozwa faini." Akanyoosha mkono, akaichukua kofia yangu ya pama, akaivaa.

Ni ile aliyoninunulia wifi yako, Marita. Lakini faini ya utani hailalamikiwi.

"Utaikomboa siku utakayomleta mtoto," akasema. "Mimi sichongi kwa kusimuliwa. Nataka nikione kiganja chake."

Roza hakutaka kwenda. Alisema amekwisha kuamua, na mbao haibadilishi kitu. Nikamwambia, "Huendi kwa ajili ya kubadili, mwanangu. Nenda umpe mtoto cha kwenda nacho kwa shangazi yake." Akakubali kwa sababu ya adabu. Siku yake ya mapumziko tukaenda, mtoto akivuma.

Mzee Kondo alikigusa kiganja cha Tunu kwa kidole chake kimoja, akakaa akachonga tungali tupo, akitumia kipande cha mninga alichokuwa amekwisha kukianza. Alichonga ng'ombe, kwa vile alisema Mnyamwezi asiye na ng'ombe ni mzigo kwa taifa. Pembe zimelala juu ya kichwa, hazina ncha. Miguu imeunganishwa miwili miwili. Akamsugua kwa msasa muda mrefu, akampaka mafuta ya nazi aliyokamua Mama Tatu, rangi hakuna hata tone.

Roza akampokea. Akampima kwa kibomba. Akamgonga sakafuni, akatazama kama amebanduka. Kisha, mdogo wangu, akamtia mdomoni mwake mwenyewe, akamlamba.

Mzee Kondo akanigeukia. "Bandari ya Kwala imehamia barazani kwangu leo. Huyu binti yako atataka na risiti ya ushuru."

"Samahani, baba," Roza akasema, ila hakuacha. Akaushika mkia, ambao ulikuwa umechomekwa kwa kijiti, akauvuta. Ukabaki mkononi mwake. Akautia katika kibomba, nao ukaangukia upande wa pili.

Mzee Kondo akakunja uso. "Nimechonga kabla hujazaliwa, mama."

"Najua, baba. Shikamoo yako naitoa tena. Lakini umetoka."

"Umetoka kwa sababu umevuta kama unang'oa muhogo!"

"Na yeye atavuta hivyohivyo."

Walikuwa katika maneno hayo, na Mama Tatu anamwunga mkono Roza, mimi nikasikia kitu. Sikusikia sauti. Mtoto, aliyekuwa ameketi miguuni petu akivuma, alikuwa ameacha kuvuma. Niliinama, nikamfungua mdomo kwa kidole. Shavuni alikuwa amekiweka kibanzi cha mninga, chembamba, chenye ncha. Nikakitoa, nikakiweka juu ya kiti. Naye akaendelea, mmm, mmm.

Roza akakitazama kile kibanzi, kisha akanitazama mimi.

"Baba, umejuaje? Ulikuwa umempa mgongo."

Nikamwambia, "Akiwa na kitu mdomoni haimbi."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kigari. Hata nikikoroga uji sasa, huwa namsikiliza."

Mzee Kondo naye hasira zilikuwa zimemshuka. Akamchukua ng'ombe, akaliziba tundu la mkia kwa mti uleule na gundi, akalipiga msasa hadi vidole vikawa havipati alama. Roza akavuta kwa kucha, akavuta kwa meno, kizibo kikakataa kutoka. "Basi," Mzee Kondo akasema, "ng'ombe wa Unyamwezini hana mkia, nzi atawafukuza kwa masikio." Ndipo Roza akaiona kofia kichwani mwake, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, si ile ya mama?" Mzee yule aliivua mara moja. Hakunipa mimi. Alimvisha Tunu, ikamfunika hadi mabegani, na ndani yake tukasikia kuvuma kunaendelea. "Nimemlipa mwenye haki," akasema. "Wewe mpagazi nakudai bado."

Usiku ule, nilipokuwa nafunga milango, nilipita mbele ya chumba cha Roza. Sanduku dogo lilikuwa wazi kitandani, naye anazirudisha nguo za mtoto kabatini moja moja. Aliniona. Akasema tu, "Kesho naingia zamu ya asubuhi, Baba. Uji wake usiwe mzito sana." Nikasema, "Sawa, mwanangu."

Hilo ndilo neno langu. Nakuomba radhi mara mia kwa kukuandalisha kitanda bure. Najua ulikwisha kufurahi, nami najua nyumba yako ilivyo kimya, kwa kuwa yangu nayo ilikuwa hivyo. Usidhani sikulifikiri hilo. Nimelifikiri kila siku ya safari hii.

Nifikishie salamu kwa mchungaji wetu mstaafu, na kwa shemeji, mume wa marehemu dada yetu mkubwa, umwambie dawa ya mguu wake nitamtumia. Msalimie mama mkwe wa Roza hapo jirani, na yule binti anayekuchotea maji. Mwalimu wa kwaya naye umwambie kwamba

Unisamehe. Nimelazimika kuiacha kalamu hapo juu na kukimbia sebuleni, kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia, kwa sababu kuvuma kulikuwa kumekoma. Nilimfungua mdomo. Haukuwa na kitu. Alikuwa amelala tu, juu ya mkeka, ng'ombe wake amembana chini ya kidevu.

Nimesahau nililotaka kumwambia mwalimu wa kwaya. Kile kitanda, Marita, usikikunje. Roza akipata likizo tutakuja sote watatu, na mtoto atalala humo, chumbani mwako, usiku wote tutakaokuwa hapo. Utamsikia mwenyewe. Ila akinyamaza, mtazame kwanza mdomoni.

Ni mimi kaka yako, anayekukumbuka katika sala za asubuhi na jioni,

Yakobo