Chumba cha Bwana Usiguse

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Yule mpangaji wako wa chumba cha nyuma ameacha kufungulia redio alfajiri, au bado anakuamsha? Mimi mzima wa afya, ninachougua ni hasira tu. Na kwa kuwa umenikataza kukusimulia mambo marefu kwa simu, eti yanakuchosha sikio, kaa kitako usome.

Kazi uliyonitafutia chuoni nimeianza. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta. Wanafunzi ninao darasa zima, na kompyuta zipo chumba kizima, zimepangwa mistari miwili, zinang'aa kama sahani za wageni. Zinang'aa kwa sababu hakuna aliyezigusa! Hata nailoni zilizokuja nazo hazijatolewa. Ufunguo uko mfukoni mwa Mkuu wa chuo, na kila nikimwomba ananijibu, "Mwalimu, zikiharibika nani atajibu?" Wanafunzi wanamwita Bwana Usiguse. Nimewakataza, lakini nikiwa peke yangu namwita hivyo hivyo.

Unajua nafundishaje? Kwa maboksi. Nimekata maboksi ya viatu nikachora kibodi juu yake, kila mtu na lake. Wanabonyeza kadibodi huku nawatajia herufi. Majedwali tunayachora kwenye karatasi za miraba: mzigo ulioingia, uliotoka, jumla chini, tunasonga mbele. Kuna binti mmoja tunamwita Bibi Maswali, juzi kaniuliza, "Mwalimu, nikibonyeza boksi, herufi zinakwenda wapi?" Darasa zima hoi kwa kicheko. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Mwezi ujao kampuni ya kusafirisha mizigo inamtuma mtu aje kuchagua makarani kutoka darasa langu. Mtihani ni wa vitendo, kwenye kompyuta yenyewe. Wengi wao hawana mlango mwingine wa kubisha. Mkuu anasema chumba kitafunguliwa siku hiyo hiyo ya mtihani. Shangazi, hata timu ya mpira inaachiwa uwanja ifanye mazoezi! Wewe anakuheshimu. Mwambie neno.

Akupendaye,
Mwana wa kaka yako


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananuna lakini yananibeba. Mpangaji kahama, redio kaniachia, sasa anayeifungulia alfajiri ni mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemwona baba yako mwenyewe, kichwa kigumu vile vile. Mkuu wako nilimfundisha kupiga chapa akiwa kijana, kazi zake safi, na nilipokwenda kukuombea kazi aliinuka akanipa kiti chake mwenyewe. Mtu kama huyo siendi kumgombeza kwa sababu ya ufunguo. Amekabidhiwa vitu vya watu, anavilinda. Ungekabidhiwa wewe, ungevigawa kama karanga.

Fundisha kwa boksi. Mimi nilifundisha darasa zima kwa mashine sita, moja haina herufi M, na wasichana wangu waliajiriwa. Wafunike vidole kwa kitambaa wasichungulie herufi, utaona watakavyokwenda. Na usiniharibie jina. Ukikosana na yule, aibu haiishii huko chuoni, itanifuata mpaka sebuleni kwangu.

Kula vizuri. Una tabia ya kunywa chai ukaiita chakula.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila haikupasuka, ndiyo maana nakuandikia.

Mama wa kampuni alikuja. Mkuu akafungua chumba, nailoni zikatolewa asubuhi ile ile, wanafunzi wakakaa. Wakapewa orodha ya mizigo ya wiki nzima, watengeneze jedwali lenye jumla. Vidole vyao, Shangazi, ungevipenda! Hakuna aliyechungulia. Nikasimama nyuma nimevimba kichwa. Halafu nikaona kijana wa mbele anaingiza mkono mfukoni, anatoa kalkuleta, anapiga hesabu pembeni, anaandika jibu kwenye kisanduku. Nikageuka. Wote. Darasa zima limetoa kalkuleta!

Kosa ni langu. Kwenye karatasi ndivyo tulivyofanya kila siku: piga hesabu, andika jibu. Kwamba kompyuta hupewa fomula ikajumlisha yenyewe, hilo niliwaandikia ubaoni kama somo la dini, wakalikariri. Ukiwauliza wanakusomea neno kwa neno. Lakini mikono yao ilikuwa haijawahi kuona.

Yule mama akasogea kwenye kompyuta ya kwanza, akabadilisha uzito wa mzigo mmoja, arobaini ikawa mia nne. Jumla haikutikisika. Akaenda ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Wala hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema, "Hii ni karatasi mmeiweka kwenye skrini. Juni nitapita tena huku. Mkiwa tayari nitaingia." Akafunga mkoba wake akaondoka bila kuchukua hata mtu mmoja.

Jioni Mkuu akaniita. Alikuwa na karatasi tayari, ya kuwekwa kwenye faili la kila mwanafunzi: kwamba darasa hili "halina uwezo wa kufundishika kompyuta". Anataka bodi ya chuo ielewe kwamba tatizo si chumba wala si yeye. Inahitaji saini ya mwalimu wao. Karatasi hiyo itawafuata kila watakapoomba kazi! Nikamwambia, andika kwamba mwalimu alifundisha vibaya, lete hata sasa hivi nisaini. Lakini hao watoto siwasainii. Hata kwa dawa. Akachukua ufunguo akafunga chumba.

Sijui nitafanya nini, ila Juni inakuja na mimi nipo.

Mwana wa kaka yako


2 Aprili

Wewe mtoto,

Marahaba. Sina la magoti leo.

Mkuu kanipigia. Sauti yake ya upole, na mimi sikuwa na pa kuweka uso. Umeajiriwa juzi tu, leo unamwekea masharti mkubwa wako? Kwani karatasi ni nini? Watu husaini karatasi kila siku na maisha yanaendelea. Nenda kamwombe radhi, usaini, ufundishe darasa jingine. Mpaka utakapofanya hivyo usiniandikie.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, nami nakuandikia. Kama hutaki kusoma, washia jiko.

Chumba kiko wazi. Sikuvunja kitu, usishike moyo. Ni hivi: mlango ule ulikuwa unakwaruza sakafu, na jirani yetu ni karakana ya useremala. Fundi anayefundisha pale aliniona nimekaa kwenye ngazi nimeshika tama, akauliza kulikoni, nikammwagia yote. Akautazama mlango, akasema, "Huu ni mbovu. Wanafunzi wangu hawana mlango wa kujifunzia." Mkuu alikuwa amesafiri kwenda kozi. Bawaba zikafunguliwa kabla sijapangusa machozi. Wanaupiga randa kila siku, na ulivyokonda, ukirudishwa kwenye fremu yake utaelea.

Sasa sikia. Siku ya kwanza niliweka ndoo mlangoni, kila anayeingia anatumbukiza kalkuleta yake. Walilalamika kama nimewavua nguo. Nikawaambia, kompyuta usiipe jibu, ipe hesabu. Andika alama ya sawasawa, taja visanduku, uiachie. Kuna kijana tunamwita Kasi, kwa sababu hufanya kila kitu mbio. Alibadilisha namba moja, akaona jumla ya chini inabadilika yenyewe, akaruka kitini akapiga kelele, "Imenisikia!" Tangu siku hiyo hawakai kimya. Wametengeneza ankara, wametengeneza hesabu za ghala zinazojitia rangi nyekundu mzigo ukipungua. Wameandika barua moja ikatoka kwa wateja wote, kila mmoja na jina lake. Kibodi moja ilimwagiwa maji. Nikafa kwa hofu, Bibi Maswali akaigeuza, akaikausha, ikapona. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Juzi Mkuu karudi. Alisimama kwenye fremu isiyo na mlango. Watoto hawakuinua hata macho, walikuwa na kazi. Kisha akauliza, "Nani ameamuru?" Fundi akatokeza kichwa kutoka karakana, "Mlango ulikuwa mbovu, Mkuu!" Hata mimi nilicheka, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nisaini ile karatasi au niondoke. Nimemwambia aanze kutafuta mwalimu.

Najua umekasirika. Na mimi nimekukasirikia, Shangazi, tena sana. Lakini nakusalimu.

Mwana wa kaka yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo, hata kama haijibiwi.

Unga umemwagika. Tangu mwanzo wa mwezi sina kazi. Mtihani umefanyika jana, na Mkuu alipoona watoto wanaweza, akaupamba: maua mezani, bodi viti vya mbele, na shemeji yake kavalishwa tai, katambulishwa kwamba ndiye mwalimu wa darasa. Mimi nilikuwa getini. Mlinzi alikatazwa kuniruhusu, lakini hakukatazwa kunipa kiti. Pale getini dirisha la chumba linaonekana vizuri.

Nikaona vichwa vyote vimeinama, kisha vimeinuka. Mikono mapajani. Hakuna anayeandika. Mlinzi akaenda kusikiliza, akarudi anahema. Bibi Maswali alikuwa amesimama mbele ya mgeni akauliza, "Huyu mwalimu wetu, mbona leo ndiyo mara yetu ya kwanza kumwona?" Yule mama wa kampuni akauliza, wa kwenu yuko wapi? Wakajibu wote, "Getini!" Na kwamba hawaandiki mpaka niingie. Mkuu akasema siingii. Mama akasema ana muda mpaka saa sita, na asiyeandika atamwacha.

Sikufichi, Shangazi. Nilisikia utamu. Nilitaka wakae hivyo hivyo mpaka jua lizame, Mkuu ajue. Kwa muda kidogo niliwaza hivyo. Halafu nikamwona Kasi kwenye dirisha, ananitazama, na nikakumbuka kazi wanazitaka wao, si mimi. Nikamwambia mlinzi, "Nenda kawaambie sikufukuzwa kazi ili wakae mikono mapajani. Waandike!" Akaenda akasimama mlangoni akatangaza vile vile nilivyosema, kwa sauti ya kuita gari, mgeni na bodi na shemeji wakisikia.

Wakaandika. Yule mama akapita kompyuta moja moja, akibadilisha namba, na mlinzi anasema kila alipogusa, jumla ilikimbia. Amewachukua wote isipokuwa watatu. Kasi ni mmoja wa hao watatu, alikimbilia kuchapisha kabla hajamaliza. Bibi Maswali kachukuliwa wa kwanza. Wakati wa kutoka, yule mama alishusha kioo cha gari akanitazama. "Ni wewe uliyewafundisha kalkuleta?" Nikasema ni mimi. "Na hii ya leo?" Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nina furaha ya kutosha mtaa mzima, na kodi ya chumba sijui itatoka wapi. Ulisema watu husaini karatasi kila siku. Mimi sikusaini, na ningerudishwa Machi nisingesaini tena. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukalisikia kwake.

Mwana wa kaka yako, bado


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Na ya Mei marahaba, zote mbili ulizonidai nazilipa kwa pamoja. Barua zako sikuwashia jiko. Ninazo chini ya mto, na ile ya mlango nimemsomea jirani, kacheka mpaka kashika ubavu. Nilikununia. Mimi nikinuna nanuna, unanijua.

Jana Mkuu wako alikuja. Kumbe kampuni inataka kuleta makarani wake wa zamani hapo chuoni Julai, wafundishwe na mwalimu yule yule aliyekuwa getini, na shemeji hajui hata kuwasha kompyuta. Nikasema moyoni, haya, mtoto amepata. Akatoa karatasi. Anataka nikushawishi uombe radhi kwa ajili ya mlango, na usaini ile habari ya kutofundishika, safari hii kwa wale watatu tu waliobaki. Akasema, "Watatu si wengi, Mwalimu, na bodi itatulia."

Nikamwomba anisomee, macho yangu si ya zamani. Akasoma. Nikamwambia asome tena lile neno. Akalisoma kwa sauti ndogo. Mwanangu, mimi nimefundisha maisha yangu yote. Nimefundisha wenye vidole vizito, wasinziaji, waliokuja darasani kutafuta wachumba. Yeye mwenyewe alimaliza muhula mzima anaandika herufi kubwa katikati ya neno, na nilikuwa nikikaa naye baada ya wenzake kutoka. Sikuwahi kumwandikia mtu neno lile. Nikamwambia hivyo, akainama. Nikaichukua karatasi mkononi mwake nikaichana vipande vinne. Viwili nikampa, viwili nikabaki navyo.

Akauliza, "Sasa Julai atafundisha nani?" Nikamwambia, yule yule, na wale watatu wamekaa mstari wa mbele. Akaaga. Chai yangu hakuigusa, na wala sikumhimiza.

Sasa usimpigie wala usimwandikie. Kodi nimemtumia mwenye nyumba wako, usinibishie. Kaa hapo hapo ulipo mpaka aje kwa miguu yake, na akija, muulize kwanza ya Kasi na wenzake kabla hujamuuliza ya mshahara. Asipokubali, mfungulie mlango aondoke. Atarudi. Na asiporudi, walete hao watatu hapa kwangu, tutaanza upya, mimi na wewe.

Shangazi yako