Telefone ya Mama Nadine

Mjini Baraka, Alhamisi

Watu wote, kutoka Swima mpaka Ubwari, wajulishwe: leo mimi, mwenye kibanda cha kuchaji telefone, nimesimamisha polisi kwa nguvu ya sheria! Ndivyo majirani wanavyosimulia, na sijawakatalia.

Wanasema polisi aliingia kutafuta telefone ya Mama Nadine, mkimbizi wa kambi ya Lusenda anayeuza mboga sokoni.

"Nasoma tu meseji, nijue anaongea na nani kule Burundi."

"Uko na mandat ya parquet, karatasi ya mwendesha mashtaka?"

"Mandat ya nini? Ni kuangalia tu."

"Afande, hata yako iko pale kwenye waya. Tukikufungulia ya mwenzako bila karatasi, kesho bibi yako wa ndoa akikuja kuomba ya kwako, tutamuambia nini?"

Afande akachomoa telefone yake, haijajaa hata robo, akasema anaenda kutafuta karatasi. Hajarudi.

Jioni Mama Nadine alinishika mikono yote miwili. Meseji zile ni za mutoto wake aliyebaki Burundi, na hataki mtu ajue amejificha wapi.

"Aksanti, baba. Ungetoa ile telefone, wanaomutafuta wangemupata."

Nikasukuma sahani kando, nikarudi kuandika.

Basi, ukweli. Maneno yale yote yalikuwa ya mke wangu, Mama Riziki, aliyekuwa nyuma yangu akitwanga majani ya sombe. Mimi nilikuwa nimeshachomoa telefone ya Mama Nadine, nimeshamnyooshea afande. Mama Riziki ndiye aliyeitoa mkononi mwangu, akairudisha kwenye waya.