Mama, Nataka Sindano ya Ganzi

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikuja kaburini kwako kijijini Mbingu nikiwa na neno, nikashindwa kulisema, maana Mama Mkubwa alikuwa nyuma yangu aking'oa majani, na masikio ya dada yako unayajua. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, mbali kidogo na meza kwa sababu ya tumbo. Nina mimba, mama. Ni ya kwanza, na imeshaingia mwezi wa nane. Nataka kuchomwa sindano ya ganzi ya mgongoni ili nisisikie uchungu wa kuzaa. Hapo nimesema, na uso unaniwaka kana kwamba umekaa mbele yangu unanitazama.

Sindano yenyewe nitaipata kwenye hospitali moja Dar es Salaam, na bima ya kazini kwa Deo inaikubali. Deo ni mume wangu, hukuwahi kumwona. Dada yake anakaa huko na ameshaniandalia chumba. Mama Mkubwa naye ameshajipanga kuja kunikalia hapa hapa Ifakara, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa bibi yake akiwa mlangoni, na kama bibi hayupo, dada wa bibi hushika nafasi.

Unajua kinachoulizwa hapo mlangoni. Watu wengine huuliza ni wa kike au wa kiume. Wanawake wa kwetu huuliza kwanza, "Amelia?" na wanamaanisha mama, si mtoto. Anayetoka ndani akijibu, "Hakulia," ndipo vigelegele vinapopigwa hadi kuku wanakimbia. Yule binamu yangu aliyelia alipigiwa vigelegele vya adabu tu, na mpaka leo akikohoa kwenye mkusanyiko lazima apatikane shangazi wa kumkumbusha.

Na kipimo chetu sote ni wewe. Ulinisimulia mwenyewe ukinisuka, nikiwa nimebanwa katikati ya magoti yako nisiweze kukimbia. Ilikuwa msimu wa kuamia ndege, mmehamia mashambani ng'ambo ya mto, nawe uko juu ya dungu unawapigia kelele kwelea. Uchungu ukakushika. Ukateremka mwenyewe, Mama Mkubwa akakutandikia mkeka kivulini, ukaingiza pindo la kanga mdomoni. Mama wa shamba la jirani aliendelea kufukuza ndege wake hadi jioni, na alipopita kuomba chumvi akakukuta umenipakata. Hakuwa amesikia kitu. Nilikuuliza, "Kwani hukuumwa?" Ukacheka hadi kitana kikakuponyoka. "Niliumwa, nani kakwambia sikuumwa? Ila maumivu ni ya mwenyewe, mwanangu. Hayatembezwi kama mboga."

Hadithi hiyo imesimuliwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye vikao vya kikoba. Nimekua nayo. Na mtoto mwenyewe aliyezaliwa kimya kimya chini ya dungu ndiye huyu, ambaye sindano ya cherehani ilipompitia kidoleni alizirai akaangukia sare za kwaya. Deo alinipepea na kola ya shati ambayo haikuwa imeshonwa bado. Sikurithi kitu kwako, mama, labda miguu.

Tena nimesema uongo. Mwezi uliopita wanawake wa ukoo walikusanyika kwa Mama Mkubwa, wakanizunguka, mmoja akanishika tumbo akauliza, "Utaweza wewe?" Nikajibu, "Damu ni ya mama yule yule." Walishangilia, wakaniongezea kipande cha samaki, kitoga, kwenye sahani, nami nikakila chote. Wakati huo nilikuwa nimeshaongea na daktari wa Dar kwa simu. Tulipokuwa tunarudi, Deo alinigeukia akasema, "Mke wangu, umewadanganya wazee wote wale bila hata kupepesa jicho." Tangu siku hiyo kila nikipita sokoni nikamwona mtu wa Mbingu, najificha nyuma ya mabanda na tumbo langu hili lisilofichika.

Aibu hiyo ningeweza kuibeba. Kuna nyingine ndiyo inaninyima usingizi, na ndiyo iliyonikalisha kukuandikia.

Mwaka juzi nilikuja kukusaidia kuvuna. Siku moja tulikuwa tunarudi, wewe mbele na mzigo wa mpunga kichwani. Ukasimama katikati ya njia, ukaingiza pindo la kanga mdomoni. Nikakuuliza, "Una nini, mama?" Ukasema, "Napumzika." Hukuwahi kupumzika na mzigo kichwani maisha yako yote, lakini nilikuamini. Mpunga ulipoingia ndani wote, ndipo uliposema tumbo linauma kidogo. Daktari akakuuliza limeanza lini. Ukamwambia, "Juzi juzi tu, baba." Kumbe uvimbe ulikuwa nao tangu kabla hatujapanda. Daktari alituita pembeni akasema tungewahi, kungekuwa na la kufanya.

Msibani walikaa mikekani wakikusifu kwamba hukulia mpaka mwisho. Nami nilikaa nao nikajivuna. Mama, nilijivuna! Nilifuta machozi nikisema, ndiyo, huyo ndiye mama yangu.

Jumapili Mama Mkubwa alikuja baada ya misa, akakaa jikoni kwangu anapeta mchele. Nikaona nikikaa kimya siku hiyo tena, sitasema kamwe.

"Mama Mkubwa, sitajifungulia hapa. Naenda Dar. Kuna sindano ya ganzi."

Hakuinua uso. "Ganzi ya nini? Unakatwa mguu?"

"Ya uchungu."

"Uchungu wa kuzaa umeanza kuogopwa lini? Mama yako angeona haya."

"Haya hiyo hiyo ndiyo iliyomuua."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Sijawahi kumjibu mkubwa vile, tena dada yako, aliyekushika mkono siku niliyozaliwa na siku uliyokufa. Aliweka ungo chini taratibu, akatoka uani. Nikasikia bomba linamwaga maji muda mrefu, na ndoo zote zilikuwa humu ndani. Nilitaka kumfuata nimpigie magoti, nikaogopa kumkuta anafanya kile nilichodhani anakifanya, maana asingenisamehe kwa kumwona.

Aliporudi uso ulikuwa umelowa wote, hata nywele za mbele. Akachukua ungo wake.

"Unaondoka lini?"

"Alhamisi."

"Nitakuletea pepeta za mpunga mchanga ule njiani. Huko kwa wifi yako watakupa mikate tu." Akapeta kidogo, akasimama. "Na wakiniuliza, niwajibu nini?"

"Waambie nilichomwa sindano."

"Hilo sitaweza kulitamka, mwanangu. Nisamehe."

Hakuna aliyewahi kuniomba msamaha akiwa na sababu ndogo ya kuuomba kuliko yeye. Nikamwambia basi, asiseme kitu, nitasema mwenyewe nikirudi. Na nitasema, ingawa hata sasa nikijaribu kulipanga neno hilo mbele ya wanawake wale, naishia kwenye shikamoo.

Kwa hiyo naenda, mama. Usidhani naenda kwa ushujaa. Naenda kwa sababu naogopa kuumwa, na safari hii nimekubali kusema kwamba naogopa. Huenda sindano isifanye kazi sawasawa, huenda nikapiga kelele hadi barabarani. Daktari amenieleza hayo yote. Nimemwambia Deo akinisikia asije akaninyamazisha.

Lakini nimekuficha jambo moja tangu juu kabisa, nalo ndilo linalonitia aibu kuliko sindano. Nimekukasirikia. Nakaa na tumbo hili, mtoto anacheza, watu wananipa heri, nami moyoni namgombeza marehemu. Mtoto gani humkasirikia mama yake kwa kuvumilia? Ningemwambia nani hilo hapa Ifakara akanielewa? Nimejaribu kuliungama nikaishia kuungama uvivu.

Ungelia, mama. Ungelia mara moja tu pale njiani, mzigo ukaanguka, mpunga ukamwagika. Leo ungekuwa umekaa jikoni kwangu unanikataza hiyo sindano, na mimi, hivi ninavyoogopa, ningekutii.

Lala salama.

Kitindamimba wako