Sahihi Juu ya Boneti

Panda, Likasi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Veronika,

Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itamkuta Mama akitembea tena hadi sokoni. Mguu umepona? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Ya wiki hii nakueleza kama nilivyoyaandika kwenye shajara.

Nilikuwa na mgeni, Bwana Mwansa, dereva Mzambia. Alikuwa akilala kwangu tangu lori la tajiri wake lizuiwe hapa na Ngoie, mfanyabiashara mwenye beji ya chama kifuani. Ngoie alisema karatasi za mzigo zina kasoro. Kumbe lori lilikuwa likimbebea samaki wake kutoka ziwa la Tshangalele. Sasa wakubwa wa Lubumbashi wamemwamuru alirudishe, na wanataka barua ya Kiingereza ya kumpelekea tajiri kule Ndola. Mwenye kuandika Kiingereza hapa ni mimi, basi Alhamisi tukaitwa ghalani kwake.

"Andika, sitwayeni," akasema Ngoie, yaani mwananchi, kama wanavyoitana huku. "Andika motoka imerudia. Mwansa atie sinyatire. Fungulo nitaleta kesho."

Nikaandika: "The lorry is back in the possession of its owner." Ile "the" ya pili uliyonichapia uliponifundisha Kiingereza sikuisahau, Dada, ukiiacha, lori ndilo linammiliki tajiri. Lakini kalamu nikaiweka chini. Mwansa akisaini na lori lisitoke, tajiri atasema Mwansa ameliuza, naye atafungwa kwao.

"Maneno haya ni ya kitu kilichokwisha kurudi," nikasema. "Injini iwake kwanza."

"Weye mugeni, uko unanifundisha? Viza yako nani anaitia kashe?" akauliza, akigonga meza kama apigaye muhuri.

Mwansa akaninong'oneza, "Tusaini tu, ndugu yangu. Nimechoka." Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

"Basi," akasema Ngoie, "bateri imekufa."

Wapakiaji wake wa samaki wakaangua kicheko. "Patron! Asubui si ilitoka Tshangalele? Ilikufa saa ngapi, tupeleke maua?"

Ngoie hakucheka. Aliurusha ufunguo miguuni pa Mwansa. Lori likanguruma, linanuka samaki, nikaitoa barua mfukoni, na Mwansa akaisaini juu ya boneti injini ikiwaka. Akaondoka pale pale, hata blanketi lake hakulipitia. Jana dereva wa basi la Kasumbalesa aliniletea neno: amevuka mpaka.

Ngoie naye amepita mara mbili mbele ya mlango wangu, polepole, bila kusalimu.

Msalimie Shemeji, fundi wetu wa cherehani, na Mjomba aliyenilipia nauli ya kuja huku. Mkumbatie Mama.

Viza yangu inakwisha mwezi ujao, na mwenye muhuri ni rafiki yake Ngoie. Mkiniona mlangoni nimebeba blanketi la Mwansa, mwambie Mama nimepewa likizo.

Ndugu yako akupendaye,
Anselmi