Dawa ya Tezi Anayokunywa kwa Siri

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kufikiri, maana nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni msusi, nina binti wa miaka sita tunayemwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea, na mwanzoni mwa mwaka alitokwa na tezi shingoni, nikadhani ni jino, kisha zikaanza homa za jioni na mashavu yakasinyaa, nikampeleka hospitali wakachoma sindano kwenye ile tezi, wakapima, wakasema ni kifua kikuu cha tezi, kinatibika, ila dawa anywe kila siku bila kuruka, nami nikashukuru, lakini baada ya wiki chache tezi ikavimba zaidi, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye na aliwahi kuzika mtoto aliyepasuliwa uvimbe, akasema uvimbe ukichokozwa hulipa kisasi, akazitupa dawa chooni, na mume wangu, fundi magari, mtu mpole lakini mbele ya mama yake hana kauli, akaniambia tupumzike kwanza na hizo dawa.

Sikupumzika. Siku hiyo hiyo nilirudi kliniki nikapewa nyingine, nazificha saluni kwenye boksi la rasta, Chiriku anapita kunywa kabla ya shule, na homa imeshakata, anakula vizuri, lakini juzi bibi yake alimuuliza kama mimi humpa dawa, na mtoto akamtazama usoni akasema, "Hapana bibi, mimi sinywi kitu." Hakupepesa macho. Huo uongo nimemfundisha mimi. Dawa siachi, hilo nimeshaamua, hata ndoa ikinishinda, ila nifanyeje?

Msusi

Msusi, pokea kwanza pongezi, kisha kaa nikuseme. Dawa usiache. Ukikatisha, ugonjwa hurudi na ukali mpya. Tezi kuvimba zaidi mwanzoni mwa matibabu hutokea, na daktari akiitazama atakuambia kama ni hilo. Je, nyumbani kuna yeyote aliyeelezwa hivyo? Hakuna, kwa sababu ulikimbilia kuficha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha dawa. Kesho ukilazwa wewe, nani atampa mtoto? Mumeo hajui, mkweo hajui, na mzigo wa watu wazima umemtwika mtoto wa miaka sita.

Halafu umepita mbio kwenye jambo zito. Mkweo alizika mtoto. Huyo hapigani na wewe, anaogopa kuzika tena. Umewahi kukaa naye akakusimulia ilikuwaje? Kaa naye.

Leo mwambie mumeo mkiwa wawili. Omba radhi kwa kuficha, kwa dawa usiombe. Chiriku naye mwambie bibi akiuliza tena aseme kweli, na matokeo yake utayabeba wewe. Siku ya kliniki nendeni wote, mkweo akae karibu na daktari, aulize kila kinachomkera, amshike mjukuu wake shingo mbele ya anayejua.

Akikataa, usibishane. Mvalishe mtoto viatu, piteni mbele yake mchana kweupe, muageni, mwende.