Mjukuu wa Zamu

Jumapili, 6 Julai
Zamu yangu tena. Mama Okello amemleta mjukuu wetu Salim kutoka Mbuya, na mfuko wa dawa kama kawaida. Safari hii ni sikio. Wiki mbili kwao, wiki mbili kwangu. Ndivyo tulivyokubaliana baada ya kumzika binti yangu, ili bibi yeyote asionewe. Okello mwenyewe, baba yake Salim, ni mwanajeshi, yuko mpakani. Mtoto ana miezi tisa. Nimemwogesha. Hakulia, alinitazama tu.

Jumatano, 9 Julai
Homa. Sikwenda dukani Kikuubo. Nina hasira. Ni vumbi la kule kambini Mbuya, najua. Mama Okello naye husema ni feni yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Sasa kifua. Daktari, binti mdogo mwenye subira, hakutaka habari za vumbi. Aliuliza mtoto analala wapi, anabebwa na nani. Nikamweleza zamu zetu, kwa fahari kabisa.

Kasema mtoto mchanga akiondolewa kila mara mikononi aliyoizoea, mwili wake hukaa na hofu, kama mtu anayelala akisikiliza mwizi. Kinga ya mwili umri huu bado inajifunza kazi. Hofu isiyoisha inaweza kuivuruga. Hakuapa kwamba ndiyo iliyoleta sikio wala kifua. Watoto huugua kwa mengi. Ila zamu tuziache.

"Hajati, mtoto akiamka ajue atamwona nani."

Nimeudhika. Tulimgawana kwa haki! Basi abaki kwangu. Mimi ndiye niliyemzaa mama yake.

Jumapili, 13 Julai
Nimemwita Mama Okello. Maneno nilikuwa nayo tayari. Alipopiga hodi, kabla hajaingia, Salim alianza kutapatapa mikononi mwangu. Bibi mwenzangu akamchukua. Kichwa begani, usingizi papo hapo. Wiki nzima sijamwona akilala hivyo.

Nikamweleza ya daktari.

"Wewe ndiyo mama ya mama yake," alisema. "Baki na yeye. Mimi nitakuja tu kumuona."

Ningenyamaza, angekuwa wangu. Nilitaka kunyamaza. Lakini mimi nikienda dukani namwachia msichana wa kazi. Mama Okello humfunga mgongoni kutwa, hata akifua. Kwao Salim atakulia kanisani, si msikitini, hilo linaniuma. Na ndiye pekee niliyeachiwa na binti yangu.

Nikamwambia amchukue, na asimrudishe.

Jumatatu, 14 Julai
Nimefua nguo zake ndogo zilizobaki. Sikuweza kula.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda Mbuya. Bado ana mafua kidogo. Amenenepa mashavu. Nilipombeba alilia, akamnyooshea mikono Mama Okello. Nikampa. Akanyamaza.

Tulikula mboga ya karanga, tukazungumza habari za mvua. Nikarudi nyumbani Bukoto kabla ya magharibi.